Mwanamaji aliyerudi kwao mara mbili

*Hotuba ya komite kwenye mkutano wa wanachama, ya kumkumbuka muzee Jimmy Carter na kufungua mazungumzo juu ya mfuko wa nyumba*



Tunawashukuru kwa kusimama ile dakika moja kwa ajili ya wanachama waliotutangulia. Sasa tukae, tuzungumze.

Komite iliposema kwamba leo tutamkumbuka Jimmy Carter, aliyekuwa prezida wa Marekani, aliyefariki tarehe 29 Desemba 2024 akiwa na miaka 100, mama mmoja wa kwetu aliuliza wazi: "Huyu Muzungu njo ndugu ya nani hapa? Tuko na wazee wetu wa kulilia." Ni swali zuri. Hatukuja kufanya matanga ya prezida. Maprezida wako na watu wao wa kuwalilia, na mizinga, na bendera. Tumekuja kumkumbuka askari wa majini aliyeacha kazi nzuri akarudi katika mji mdogo alikozaliwa, akakuta ukame, na mara ya pili akakuta deni, na bado akakaa pale mpaka siku aliyozikwa. Mambo ya kurudi, sisi tunayajua. Hatuhitaji mutu wa kututafsiria.

Na kuna sababu nyingine. Leo mchana tutapiga kura juu ya mfuko wa nyumba: uendelee ama ufungwe. Maisha ya huyu muzee yana kitu cha kutuambia juu ya mfuko ule, na kitu chenyewe kilipita hapa kwetu Kongo kabla ya kufika mikononi mwake. Vumilieni kidogo, tutafika.

Mtoto wa karanga

Alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1924 katika mji mdogo unaoitwa Plains, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mkulima na mwenye duka. Mama yake, Lillian, alikuwa muuguzi. Alikulia Archery, nje kidogo ya Plains, katika nyumba ambayo wakati wa utoto wake haikuwa na umeme wala bomba la maji. Majirani wengi walikuwa watu Weusi, wakulima maskini. Akiwa bado mtoto mdogo alichemsha karanga, akazitia katika mifuko midogo, akazitembeza mjini kuuza. Mama zetu mnaopanga karanga kwenye sahani pale sokoni, mumesikia. Ile biashara yenu imetoa prezida.

Lakini moyo wake ulikuwa baharini. Mjomba wake alikuwa mwanamaji, akimtumia kadi za posta toka bandari za mbali, na mtoto akasema: na mimi nitakwenda. Mwaka 1943 aliingia katika Chuo cha Jeshi la Majini cha Annapolis, akamaliza mwaka 1946. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 7 Julai 1946, alimuoa Rosalynn Smith, binti wa Plains hiyo hiyo. Shikeni ile tarehe, maana tutairudia.

Wimbi, na kazi ya dakika moja na nusu

Aliingia katika nyambizi, zile meli za vita zinazotembea chini ya maji. Sisi watu wa Ziwa Tanganyika tunajua wimbi ni nini, kwa hiyo hii habari mtaielewa vizuri kuliko watu wa nchi kavu. Usiku mmoja, kwenye nyambizi Pomfret katika Bahari ya Pasifiki, alikuwa zamu yake juu, meli ikiwa imepanda usoni mwa maji. Bahari ilikuwa imechafuka. Wimbi likaja likamfunika, likamtoa pale aliposhika, akajikuta anaogelea ndani ya wimbi lenyewe, hana kitu chini ya miguu. Maji yaliposhuka alijikuta ameangukia juu ya mzinga wa meli, nyuma ya pale alipokuwa amesimama. Akaukumbatia. Alisema mwenyewe kwamba kama maji yangempeleka kidogo upande, angepotea, na usiku ule hakuna ambaye angemuona. Wangapi kati yetu walivuka hili ziwa usiku, katika mtumbwi uliojaa, na wanajua kwamba wako hai juu ya kitu kidogo kama kile?

Baadaye alichaguliwa kufanya kazi katika mpango wa nyambizi za nguvu za nyuklia, chini ya mkubwa mmoja mkali sana, Hyman Rickover. Mwezi wa Desemba 1952 mtambo wa nyuklia wa Chalk River, nchini Kanada, uliharibika. Carter, akiwa na miaka 28, alitumwa na kikosi chake kusaidia kuufungua. Pale ndani palikuwa na miali ya hatari, ambayo mutu haioni wala hainusi, lakini inaua. Mutu mmoja aliweza kukaa mule kama dakika moja na nusu tu. Basi walitengeneza mfano wa ule mtambo nje, kwenye uwanja wa tenisi, wakafanya mazoezi. Kisha wakaingia kwa zamu: unaingia mbio, unafungua kile ulichopangiwa, unatoka mbio. Mwenzako anaingia, anaendelea pale ulipoachia. Kwa miezi kadhaa baadaye waliendelea kupimwa mikojo kuona ile sumu imebaki kiasi gani mwilini.

Tumeeleza habari hii kwa urefu kwa sababu moja. Hakuna hata mmoja aliyeimaliza kazi ile peke yake, na hakuna aliyeambiwa: "Wewe dakika yako ni ndogo mno, haina faida." Wanachama wetu wengine wanasema mchango wao ni makuta kidogo, heri wasilete. Ile kazi ya Chalk River ilifanywa kwa dakika moja moja. Haba na haba hujaza kibaba, na sisi tunalisema kila siku, wale waliliishi.

Kurudi kwa kwanza

Mwaka 1953 baba yake aliugua kansa. Carter aliomba ruhusa akaenda kukaa naye mpaka mwisho. Na pale kitandani aliona kitu ambacho hakukitegemea. Watu walikuja mmoja mmoja, Weupe kwa Weusi, kuaga na kushukuru. Huyu alipewa muda wa kulipa deni. Yule alisaidiwa kimya kimya bila hata nyumba ya pili kujua. Mtoto akajiuliza: mimi nina cheo, nina njia nzuri katika jeshi, lakini nikifa leo ni nani atakuja mlangoni? Baba alipokufa, aliandika barua ya kuacha jeshi la majini. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule alikuwa raia wa kawaida tena.

Sasa mama zetu, sikieni upande wa pili. Rosalynn hakutaka kurudi. Alikuwa na watoto watatu wa kiume, maisha ya bandari na safari aliyapenda, na hakuwa na hamu ya kurudi kuishi chini ya macho ya mama mkwe na mama mzazi. Na mumewe hakumuuliza. Aliamua peke yake, akamjulisha. Njia nzima ya kurudi Plains mama yule karibu hakumsemesha mumewe. Uzeeni Carter alilieleza jambo hili mara nyingi bila kujitetea, akisema kwamba vile havikuwa vizuri.

Tunajua kwamba hapa ndani kuna wamama wanaotikisa kichwa. Kule Lugufu na Nyarugusu, wangapi waliambiwa "tunarudi" wakati majina yalikuwa tayari yameandikwa kwa HCR? Wangapi walipanda meli pale Kigoma na kitenge kimoja begani na watoto wakishika nyuma, bila kujua parsele inayowasubiri iko wapi, na kama bado ni yao?

Walipofika Plains walipewa nyumba ya serikali, zile zinazopangishwa kwa watu wa kipato kidogo. Mwaka 1954 mvua ilikatika. Faida ya mwaka mzima wa biashara ya mbegu, mbolea na karanga haikufika dolari 300. Mwanamaji aliyefanya kazi na mitambo ya nyuklia akawa anapakia magunia kwa mikono yake. Hakuwa na mutu wa kumlipa.

Na hapo ndipo Rosalynn alipoingia ofisini. Alianza kwa kupokea simu na kuandika madeni, akajifunza kushika vitabu vya hesabu, mwisho akawa anajua zaidi ya mumewe ni bidhaa gani inaleta faida na ni ipi inakula makuta bure. Toka siku zile walikuwa wenzi katika kazi. Kwa hiyo tukisema kwamba huyu muzee alifaulu kurudi, tuseme ukweli wote: alifaulu pale alipoacha kuamua peke yake.

Kuna jambo lingine la miaka ile. Weupe wa Plains waliunda chama cha kuzuia haki za Weusi, wakamtaka ajiunge kama wengine wote. Alikataa. Wakasusia biashara yake. Alikuwa amerudi juzi tu, ana deni, ana watoto, na watu aliozaliwa nao wanapita mbele ya ghala lake wanakwenda kununua kwingine. Sisi tuliorudi tukaambiwa "ninyi watu wa Tanzania" tunajua namna nyumbani panavyoweza kumkaza mutu kuliko ugenini. Alivumilia, na baadaye wateja wakarudi.

Kurudi kwa pili

Ya siasa tutayapita haraka, maana redio zimeyasema. Alikuwa mjumbe wa senati ya Georgia, kisha gavana, na tarehe 20 Januari 1977 akawa prezida. Mwaka 1978 aliwafungia Misri na Israeli siku 13 kule Camp David mpaka wakapata maafikiano. Mwaka 1979 Wamarekani walikamatwa ndani ya ubalozi wao Tehran. Watu 52 walikaa mateka siku 444. Walirudi kwao wote wakiwa hai, lakini yeye alikuwa ameshashindwa uchaguzi.

Ni hapa tunapotaka kukaa. Mwanzoni mwa 1981 alirudi Plains na miaka 56. Ile biashara aliyoiacha mikononi mwa watu wa kumsimamia, akaikuta na deni la dolari milioni moja. Ikabidi auze ghala. Alirudi katika nyumba ile ile ya kawaida waliyoijenga mwaka 1961, na hakuhama tena. Mutu aliyekuwa mkubwa kuliko wakubwa wote, amekataliwa na nchi nzima, ana deni, yuko katika mji wa watu mia chache. Wengi wetu tungesema: imekwisha.

Aliishi miaka 43 na zaidi baada ya hapo, na kazi iliyomfanya apewe zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2002 ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya miaka ile. Mwaka 1982 yeye na Rosalynn walianzisha Carter Center pale Atlanta. Mwaka 1986 waliingia katika vita na mdudu wa Guinea, ule mnyoo unaotoka mguuni kwa mutu aliyekunywa maji machafu. Wakati ule wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 3 na nusu kwa mwaka, Afrika na Asia. Hakuna chanjo wala dawa ya kuuponya. Kulikuwa na kitambaa cha kuchujia maji, na mwalimu wa kutembea kijiji kwa kijiji. Mwaka 2023 waliobaki walikuwa wagonjwa 14, dunia nzima.

Ndugu zetu wengine wanauliza siku hizi, watu wa Kivu wakiwa tena njiani na mizigo kichwani: "Tujenge ya nini, kama vita inaweza kurudi?" Hatuna jibu la kuizuia vita. Lakini tunaona kwamba huyu muzee alianza kazi yake ndefu akiwa ameshindwa, hana cheo, nywele nyeupe. Kama angengoja mambo yatulie kwanza, wale wagonjwa wangekuwa bado wanahesabiwa kwa mamilioni.

Nyumba zilizoanzia Mbandaka

Sasa tumefika pale tulipoahidi.

Mwaka 1973, bwana mmoja wa Marekani, Millard Fuller, na mke wake Linda, walikuja Zaire kama wamisionari, wakafanya kazi Mbandaka, katika Équateur, kwenye mto mkubwa. Kabla ya hapo walikuwa wamejaribu wazo la kujenga nyumba pamoja na maskini kwenye shamba moja la Wakristo kule Georgia, si mbali na Plains. Mbandaka ndipo walipoona kama wazo lile linaweza kusimama katika nchi nyingine. Mwaka 1976 walirudi kwao wakaanzisha Habitat for Humanity katika mji wa Americus, jirani wa Plains.

Wazo lenyewe ni jepesi, mutu yeyote wa likelemba atalielewa. Nyumba haitolewi bure. Mwenye nyumba anajenga kwa mikono yake pamoja na wenzake. Anauziwa bila faida, na deni analipa kidogo kidogo bila riba. Na yale makuta anayorudisha hayaingii mfukoni mwa mutu. Yanaingia katika mfuko wa kununua matofali na mabati ya jirani anayefuata. Yule wa kwanza akiacha kulipa, wa pili ananyeshewa. Ndiyo siri yote.

Mwaka 1984 Carter na Rosalynn waliingia katika kazi hiyo. Mwaka ule walipanda basi pamoja na wajenzi wengine kutoka Georgia mpaka New York, kukarabati jengo bovu la ghorofa. Hakwenda kukata utepe. Alivaa suruali ya kazi, akashika nyundo. Toka hapo, kwa zaidi ya miaka 35, kila mwaka walitenga juma moja la kujenga. Walifika nchi 14, na mwaka 2002 walikuwa Durban, Afrika Kusini. Nyumba walizojenga ama kukarabati pamoja na wajenzi wengine ni zaidi ya 4,000. Mwezi wa Oktoba 2019, akiwa na miaka 95, alianguka nyumbani, akashonwa nyuzi 14 juu ya jicho. Kesho yake alikuwa Nashville kwenye kazi ya nyumba, jicho limevimba, limekuwa jeusi.

Basi mama yetu uliyeuliza huyu ni ndugu ya nani: wazo alilolishikia nyundo miaka yote ile lilikomaa kwa matofali ya Mbandaka, kwa jasho la Wakongomani. Mfuko wetu wa nyumba haukuiga Wazungu. Wale walijifunza sehemu ya kazi yao kwetu.

Wakimbizi, na yale ambayo hayakufaulu

Tarehe 17 Machi 1980 Carter alitia sahihi sheria ya wakimbizi ya Marekani. Ni sheria hiyo iliyoweka utaratibu wa kuwapokea wakimbizi kila mwaka na kuwapangia makao. Miaka mingi baadaye, vijana wetu waliopita intavyu kule Nyarugusu walipanda ndege kwa njia ya sheria ile. Wengine ni wafadhili wetu leo. Ninyi mnaotutumia michango kutoka Marekani, mkifanya kazi za usiku, mlango mliopitia ulifunguliwa na huyu muzee.

Mwezi wa Novemba 1995 aliwakutanisha wakubwa wa Zaire, Rwanda, Burundi, Uganda na Tanzania kule Cairo, na mwezi wa Machi 1996 walikutana tena Tunis. Mwalimu Julius Nyerere na Askofu Desmond Tutu walikuwa kati ya waliosaidia. Neno kubwa lilikuwa namna wakimbizi wa Rwanda watakavyorudi kwao kwa usalama. Waliahidiana mambo mazuri. Hayakutendeka. Mwezi wa Oktoba 1996 vita ilifika Uvira, na sisi wenyewe tukaingia katika mitumbwi. Mnajua yaliyobaki.

Hatutamfanya malaika. Akiwa prezida alisema sana juu ya haki za watu duniani, na wakati ule ule serikali yake iliendelea kumshika mkono Mobutu. Katika vita ya pili ya Shaba, mwaka 1978, ndege za Marekani zilisaidia kubeba majeshi ya nje na mizigo yao. Wazee wetu waliokuwa Kolwezi wanalo la kusema, na wako na haki ya kulisema. Baadaye, Carter Center ilituma watu kuangalia uchaguzi wetu wa mwaka 2006 na wa 2011, na mwaka 2011 ilisema wazi kwamba matokeo ya kura ya prezida hayaaminiki. Ni mutu mmoja, na mizani yake ina pande mbili. Tunachukua kilicho kizuri, na kile kingine hatukifichi.

Baba wa nyumba

Tuliomba mshike tarehe 7 Julai 1946. Mpaka Rosalynn alipofariki, tarehe 19 Novemba 2023, akiwa na miaka 96, walikuwa wameishi katika ndoa miaka 77. Walizaa watoto wanne, vijana watatu na msichana mmoja. Walipoulizwa ndoa inadumu namna gani, Carter alizoea kusema kwamba wanajitahidi wasilale na hasira, na kwamba kila mmoja anamuachia mwenzake nafasi ya kufanya yaliyo yake. Ndoa haikuwa laini siku zote. Walipoandika kitabu kimoja pamoja waligombana vibaya sana; watu wa nje ikabidi waingie katikati.

Jumapili, kwa miaka mingi, alifundisha Biblia katika kanisa dogo la Maranatha, pale pale Plains. Mwezi wa Februari 2023 familia ilitangaza kwamba ameacha matibabu ya hospitali, atakaa nyumbani na watu wake. Watu walidhani ni siku chache. Alikaa karibu miaka miwili. Alitolewa kwa kiti cha magurudumu, na blanketi miguuni, kwenda kumuaga mke wake. Alitimiza miaka 100, akapiga kura, na mwisho wa Desemba akafa katika nyumba ile ile ya 1961. Aliacha watoto wote wanne, wajukuu 11 na vitukuu 14.

Jeshi la majini halikumsahau. Alipopelekwa kwenye jengo la Bunge Washington, safari ya jeneza kwa gari la farasi ilianzia kwenye ukumbusho wa Jeshi la Majini. Kuna nyambizi yenye jina lake inayotembea mpaka leo. Lakini tarehe 9 Januari 2025, baada ya sala kubwa, walimrudisha Plains. Wakamlaza karibu na Rosalynn, penye nyumba yao.

Yanayotuhusu leo mchana

Ndugu zetu, wafadhili wetu, hotuba isiyo na kazi ni upepo. Komite inaleta mbele yenu mambo manne juu ya mfuko wa nyumba. Mtayazungumza, kisha mtapiga kura.

La kwanza: mfuko uendelee, na anayepokea mabati, misumari na saruji arudishe kidogo kidogo, bila riba. Anayeshindwa kwa ugonjwa ama msiba aje kusema, atapewa muda, kama yule baba wa Carter alivyowapa watu wake muda. Lakini kunyamaza tusikubali. Mutu anayenyamaza ana jirani anayesubiri chini ya turubai.

La pili: hakuna fomu itakayopokelewa yenye sahihi ya mume peke yake. Mke na mume watie sahihi wote wawili, na kwa wajane jina la mjane liandikwe kwenye karatasi ya parsele kabla ya tofali la kwanza kuwekwa, ili siku moja mashemeji wasimfukuze.

La tatu: kila mwanachama mwenye nguvu atoe siku zake za salongo kwenye nyumba ya mwenzake kabla ya kuomba yake. Wakubwa wa komite wataanza. Tutaonekana na nyundo, si na kalamu tu. Na wazee msiokuwa na nguvu ya kubeba matofali, njooni mkae kivulini mtuhesabie misumari. Dakika moja na nusu inatosha.

La nne ni kwenu wafadhili. Hesabu zote za mfuko, kilichoingia na kilichotoka, zitachapishwa katika kila toleo la gazeti hili, na watakaozishika ni wamama wawili mtakaowachagua leo. Mkiona kitu kisichoeleweka, andikeni, mtajibiwa.

Tuliporudi kwetu, HCR ilitupa turubai, PAM ikatupa chakula cha miezi michache, tukawashukuru. Turubai zile zimeshachanika. Kilichobaki ni sisi kwa sisi. Huyu mwanamaji alirudi kwao mara mbili, na mara zote mbili alikuta kitu kimeharibika, akauliza jirani anahitaji nini. Kwa hiyo alipokufa hakukosa watu mlangoni.

Mungu amlaze mahali pema yeye na Rosalynn wake, pamoja na wazee wetu wote wanaolala Lugufu, Nyarugusu na chini ya maji ya ziwa hili. Nasi atupe nguvu ya kumaliza zile nyumba ambazo kuta zake zimesimama bila paa.

Sasa ni zamu yenu kusema.